Sentensi Niliyoifuta Ukurasa wa Saba

Mwezi uliopita, tulipomaliza kumzika Ma Kokugonza kule Izigo, mpwa wake mmoja aliyekuja na mkewe kutoka Dodoma alinifuata nikiwa nanawa mikono, akaniuliza swali ambalo mtu yeyote wa Bukoba angelijibu huku akiendelea kunawa. "Dada, kesho tunalala mjini kabla ya safari. Pale watu wanakula wapi? Na jioni mtu anaburudika wapi?" Majibu yote nilikuwa nayo, tena kwa mpangilio: samaki wapi, ndizi wapi, muziki wapi, siku gani, ukae upande gani wa chumba. Badala ya kujibu niliyamwaga maji ya beseni, nikamwambia kwamba nilihama mjini siku nyingi na sipajui tena. Ulikuwa uongo. Naishi mwendo wa dakika kumi kutoka sokoni. Ila tangu mwaka ule nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na sita sijamwelekeza mtu yeyote pa kula wala pa kunywa, hata wanangu mwenyewe wanapoleta marafiki. Huwa nawaambia wajitafutie. Wao hudhani ni ukali wangu wa kawaida.

Mwaka ule nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya utafiti wa shahada ya uzamili. Mada yangu ilihusu namna Wahaya wanavyompokea mgeni kwa chakula na kinywaji, nami niliichukulia kwa uzito ambao leo naona ulikuwa wa kuchekesha: nilipima kwa rula upana wa majani ya mgomba yanayotandikwa chini ya chakula, nikaandika mtu anatafuna punje ngapi za kahawa kabla hajaulizwa habari za safari. Nilipanga chumba nyuma ya nyumba ya wageni ya mama mmoja tuliyemwita Dada Eva, katika mtaa ambao sitautaja kwa sababu wengi wa watu ninaowaeleza wangali wanaishi pale. Chumba kilikuwa na kitanda cha chuma, meza ya kuazima na dirisha moja lililotazama jiko la nje. Kupitia dirisha hilo nilisikia mazungumzo mengi kuliko niliyowahi kuyapata kwa dodoso.

Nilifika Novemba, msimu wa senene, na jiko lile lilijaa wanawake wanne waliokaa juu ya magunia wakinyonyoa mabawa na miguu ya wadudu wale wangali hai. Mikono yao ilikwenda haraka, vipande vya miguu vikirundikana kama nywele kinyozini, na maongezi yao yalikuwa ya namna ileile. "Jana kanipiga na mwiko," alisema mmoja. "Mwiko gani?" "Ule wa ugali." "Ungemrudishia na sufuria, ni nzito zaidi." Walicheka wote, aliyepigwa akicheka kuliko wenzake, na senene waliendelea kunyonyolewa. Mimi niliandika kwenye daftari: *maandalizi hufanywa kwa pamoja, katika hali ya furaha.* Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi baadaye. Hakuna neno hata moja ndani yake lililo la uongo.

Dada Eva ndiye aliyenipa kazi. Wageni wake, wengi wao watu wa semina na harusi, walikuwa wakimsumbua kwa maswali. "Wewe si ndiye msomi wa kula?" aliniambia asubuhi moja akiwa ameshika chupa ya chai. "Niandikie kijitabu. Kurasa kumi na mbili, na picha. Mgeni akiuliza, nampa, naendelea na shughuli zangu." Nilikubali kwa furaha ambayo sikuionyesha. Hakuna aliyewahi kuniomba niandike kitu ambacho mtu angekisoma kwa hiari yake.

Nikazunguka mtaa kwa miezi mitano. Ukurasa wa pili ulikuwa wa samaki: kibanda cha jamaa mmoja aliyekuwa akiwatoa sato kwenye ndoo wangali wanaruka, akiwapiga kwa rungu fupi la mpera, pigo moja katikati ya macho, huku akiwaeleza wateja kwamba samaki aliyekufa kwa hofu huwa na nyama ngumu. Niliwashauri wageni waombe kuona. Ukurasa wa nne ulikuwa wa ukumbi wa kutazamia mpira, ambako mabenchi yalikuwa yakirushwa kila timu moja ya Dar es Salaam ilipofungwa na nyingine. Niliandika kwamba panachangamka, na kwamba mgeni akae karibu na mlango. Ukurasa wa tano ulikuwa wa ngoma ya Jumapili, ambapo mwanamume hujisifu kwa mtindo wetu wa kwebuga: anatoka mbio na mkuki kutoka mwisho wa uwanja, anapiga kelele za majina ya ushujaa wake, na ncha anaisimamisha karibu kabisa na kifua cha mgeni wa heshima. Niliandika: *usirudi nyuma, kwa maana kurudi nyuma ni kumvunjia heshima.* Watu waliolelewa katika mambo haya hawaoni ukatili uliomo, na mimi nilikuwa mmoja wao, ila nilikuwa na daftari, na daftari lilinidanganya kwamba nimekaa pembeni.

Ukurasa wa saba ulikuwa wa Ma Kokugonza. Nyumba yake ilikuwa na sebule moja ndefu yenye mabenchi pande mbili, sakafu iliyotandikwa nyasi safi kila Ijumaa, na chumba cha ndani ambako rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilichachuka mitungini kwa sauti ndogo ya kuchemka. Umri wake haukupungua miaka sitini, mwembamba, na alikuwa na ulimi mkali. Jambo la ajabu, ambalo mtaa mzima ulilizoea hadi ukaacha kuliona, ni kwamba alikuwa ameokoka. Alikuwa ameapa mbele ya usharika wake wa Kilutheri kwamba hatagusa pombe tena, na hakugusa. Lakini aliendelea kuiuza, kwa sababu mume alikuwa amekufa na kibanja, yaani shamba la migomba, kilikuwa mikononi mwa shemeji.

"Mchungaji anasemaje, Ma?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Anasema nitachomwa. Nami nikamwambia, waitu, baba mchungaji, mwenye duka la dawa naye hamezi kila kidonge anachouza."

Sasa, desturi yetu inajulikana. Anayekupa rubisi huonja kwanza mbele ya macho yako, kwa mrija wako, kisha anakukabidhi kibuyu. Maana yake haihitaji kuelezwa kwa Mhaya: nilichokupa hakina kitu. Ma Kokugonza, kwa kuwa hakuweza kuonja, alikuwa na Ta Kato. Huyu alikuwa mzee wa benchi la mlangoni, mteja wake tangu ujana, na kila kibuyu kilichotoka ndani kilipitia kwake. Alivuta kidogo, akafumba macho kama mtu anayesikiliza redio, akatamka, "Kinafaa," ndipo mteja akapokea. Wenzake walimtania kwamba ndiye mtu pekee mjini anayelewa kwa kazi ya watu wengine. Ma Kokugonza mwenyewe alinieleza mpango huo, nami nikauandika. "Andika vizuri, Alinda, mwana wange," alisema akinitaja kwa jina, "mgeni asije akadhani nina kiburi."

Nikaandika vizuri. Ukurasa wa saba ulikuwa na sentensi mbili juu ya jambo hilo. Ya kwanza: *Kwa desturi mwenyeji huonja rubisi mbele ya mgeni kuthibitisha kwamba ni salama, asipoonja, mgeni ana haki ya kukataa.* Ya pili: *Mama wa nyumba hii ameokoka na hanywi, kwa niaba yake huonja Ta Kato, mteja wake wa miaka mingi.* Kijana wa uchapaji aliponirudishia kurasa, alisema picha ya mitungi imekula nafasi na mistari miwili imezidi. Nililitafakari jambo hilo siku nzima, kama nilivyokuwa nikitafakari kila kitu. Niliona kwamba sentensi ya kwanza ni kanuni na ya pili ni jambo la mtu mmoja. Kwamba kijitabu kinapaswa kufundisha kanuni. Kwamba picha ilikuwa nzuri. Nikaifuta ya pili. Kijitabu kikatoka bila jina langu, kikiwa na jina la nyumba ya wageni tu, na Dada Eva akakipanga mezani kando ya kitabu cha kusaini.

Mwezi Mei akafa Pius. Alikuwa fundi seremala, mteja wa kila siku wa Ma Kokugonza, mtu mpole ambaye tumbo lake lilikuwa limeanza kuvimba tangu mwanzo wa mwaka. Alikunywa pale Jumanne, akafa kwake Alhamisi. Hospitali walisema ini. Msibani nilikaa na wanawake waliokuwa wakimenya ndizi, nikawasikia. "Ini gani la siku mbili?" "Nasikia alitapika cheusi." "Alikunywa wapi mara ya mwisho?" Waliendelea kumenya, visu vikilia kwenye maganda. Mdogo wake, Kaijage, mwendesha bodaboda, alikaa uani siku tatu bila kula, akiwatazama waliokuja kutoa pole kana kwamba anamtafuta mmoja wao. Ma Kokugonza naye alikuja. Kaijage alimpa mkono, lakini alimtazama usoni muda mrefu kuliko ilivyo kawaida kwa kijana kumtazama mama wa rika lile.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, mwezi Juni. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa Ma Kokugonza kwa kuwa mabenchi yalijaa. Ta Kato hakuwapo. Alikuwa amekwenda Kaagya kuvuna kahawa, na wazoefu walikuwa wakipokea vibuyu vyao bila kuonjewa, kama watu wa nyumbani. Akaingia mgeni mmoja, bwana wa makamo aliyevaa miwani, mtu wa Shinyanga kwa matamshi yake, mwenye adabu nyingi. Alisalimia kila mtu kwa mkono. Ma Kokugonza akamletea kibuyu, akakiweka mbele yake, akageuka kuondoka.

"Samahani mama," alisema mgeni, akitabasamu kama mwanafunzi aliyesoma vizuri. "Hujaonja."

"Karibu tu, baba. Ni kizuri."

Mgeni alitoa kijitabu mfukoni mwa koti, akakifungua, akaweka kidole. "Hapa wameandika kwamba mwenyeji huonja kuthibitisha ni salama. Asipoonja nina haki ya kukataa." Alisema hivyo kwa mzaha. Alitaka kuona desturi, nadhani. Alikuwa amesafiri mbali na hakutaka kunyimwa kipande chochote.

Kaijage alikuwa kwenye benchi la ndani na wenzake wanne. Alisimama, akakichukua kijitabu mkononi mwa mgeni, akausoma mstari ule kwa sauti, polepole, neno kwa neno, kisha akausoma tena. Nilikuwa sijawahi kuisikia sentensi yangu ikisomwa na mtu mwingine.

"Onja," alimwambia Ma Kokugonza.

"Kaijage, unajua kwamba sinywi."

"Onja tu, mama, yaishe," alisema mwingine, karibu kwa kubembeleza.

"Nimemwapia Mungu mbele ya kanisa. Na wewe ulikuwapo, ulikaa na mama yako."

"Pius nani alimwonjea?"

"Ta Kato, kama anavyowaonjea ninyi wote."

"Yuko wapi Ta Kato?"

"Kaagya."

"Kaagya," alirudia Kaijage, na wenzake wakaguna, kana kwamba jina la kijiji ni ushahidi.

Yule mgeni, aliyekuwa sasa ameelewa kwamba kuna jambo limeharibika na halielewi, alinyanyua kibuyu kwa mikono miwili akakielekeza kwetu tuliokuwa mlangoni. "Basi aonje yeyote," alisema. "Dada, wewe onja." Kibuyu kilikuwa hatua moja kutoka kwangu. Niliona povu, niliona mrija. Nilichopaswa kufanya kinaeleweka kwa mtoto: kunyoosha mkono na kuvuta. Au kusema: mimi ndiye niliyeandika, na nilifuta mstari. Sikufanya hata kimoja. Kwa miaka mingi nimejaribu kuhesabu muda ule, na siamini kwamba ulizidi pumzi tatu. Katika pumzi hizo akili yangu ilifanya kile inachokifanya siku zote: ilichambua.

Kaijage alimpiga Ma Kokugonza kwa kibuyu. Alikipokonya kutoka kwa mgeni akakivunja kichwani pa mama yule, na rubisi ikamwagika usoni na kifuani pake pamoja na damu, hivi kwamba kwa muda sikuweza kujua kipi ni kipi. Alianguka juu ya nyasi. Mtu akang'oa mguu wa kiti. Nakumbuka kwamba hawakupiga kelele. Walipiga kama watu wanaopasua kuni, kila mmoja akimsubiri mwenzake ainue mkono, na kila pigo lilikuwa na sauti yake. La mgongoni lilikuwa zito kama godoro linalokung'utwa. La mkono lilikuwa kavu. Mkono ulivunjika kwa sauti ambayo nimekuja kuisikia kila ninapovunja muwa, na sivunji muwa tena. Yeye hakulia. Alisema, "Yesu, Yesu," halafu akasema, "Kaijage, mwana wa Laurensia," akimwita kwa mama yake, halafu viatu vikamfikia mdomoni akanyamaza.

Aliyewazuia hakuwa mimi. Alikuwa mama lishe wa nyumba ya jirani, ambaye aliingia akinisukuma, ameshika sufuria ya maharage iliyotoka motoni, akawamwagia mchuzi migongoni. Walitawanyika wakipiga mayowe, wakishika ngozi zao. "Mbwa!" aliwapigia kelele. "Mbwa! Kesho mtakuja kwangu kuomba chapati!" Kisha alinigeukia, akanitazama kuanzia miguuni hadi usoni. "Na wewe umesimama hapo kama mlingoti!"

Yule bwana wa Shinyanga aliondoka mjini jioni ileile. Polisi walikuja, wakauliza, na kila aliyekuwapo alisema alikuwa ametoka nje kidogo. Mimi nilisema sikuona vizuri. Dada Eva, ambaye ndiye pekee aliyejua kijitabu ni cha nani, alivichukua vilivyobaki akavitumia kuwashia jiko. "Karatasi yake nzuri," alisema bila kunitazama. "Inashika haraka."

Ma Kokugonza alilazwa wiki tano. Mkono wa kulia ulivunjika mara mbili, mbavu mbili, na sikio la kushoto halikusikia tena. Nilimpelekea chakula kila siku saa saba. Kwa kuwa hakuweza kutafuna, nilimpondea ndizi na maharage kwa nyuma ya kijiko mpaka vikawa uji, nikamlisha, nikamfuta kidevu. Wodi nzima ilinisifu. "Huyu ndiye mwanangu," aliwaambia wagonjwa wenzake kwa mdomo uliovimba, "Mungu alininyima wa tumboni akanipa huyu wa vitabu." Mara ishirini na zaidi nilikwenda pale nikiwa nimekwisha kuitunga sentensi ya kumwambia, nikiipanga upya njiani, nikitafuta neno lililo sahihi kabisa kati ya kosa, uzembe na upungufu. Mara zote nilirudi na sufuria tupu na sentensi nzima. Mtaani, wakati huo, habari zilikuwa zimepata umbo: kwamba mama yule alikataa kuonja kwa sababu alijua alichoweka. Wateja hawakurudi hata mlango ulipofunguliwa na jirani. Usharika wake ulimwombea bila kutaja jina. Alipotoka hospitali alikwenda Izigo kwa kaka yake, na siku ya kuondoka alinishika mkono kwa ule wake mzima, akasema, "Kuvunjika si kitu, Alinda. Mfupa unaunga. Lakini wanasema mimi ni muuaji, na hilo nitalala nalo kaburini."

Nilimfuata mwezi Agosti. Alikuwa uani, chini ya upenu wa nyumba ya kaka yake, akipukuchua maharage kwa mkono mmoja, ganda likiwa limebanwa katikati ya magoti. Nilikaa kwenye mkeka, nikatoa nakala ya mwisho niliyoificha, nikamsomea ukurasa wa saba.

"Soma tena," alisema, akinigeuzia sikio zima.

Nilisoma tena.

"Hiyo ndiyo aliyoisoma Kaijage. Nani aliandika?"

"Mimi, Ma."

Alipukuchua ganda moja zaidi. "Nilikueleza habari za Ta Kato."

"Ulinieleza."

"Hukuandika?"

"Niliandika. Nikafuta."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na maelezo marefu. Nilikuwa nayo kwa aya. Lakini alikuwa akinitazama, nami nikasema neno pekee lililokuwa kweli. "Picha ilikuwa kubwa."

Alinipiga kofi. Halikuwa kofi la ishara; alikuwa mkulima kabla hajawa muuzaji, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umezoea kufanya kazi ya mikono miwili. Meno yaliuma ulimi, nikaonja damu. Alisubiri nimalize kuimeza. "Sasa ule maharage kwanza, yaliyo jikoni yameiva," alisema, "halafu utaniandikia barua kwa mwenyekiti wa mtaa. Utasema hayo hayo mbele yao."

Mwenyekiti aliitisha kikao sebuleni mwake Ma Kokugonza mwenyewe, asubuhi, mlango ukiwa wazi. Walikuja Kaijage na wenzake wanne, Ta Kato, mama lishe wa jirani, na majirani wengine waliosimama uani. Nilisimama nikaeleza: kijitabu ni changu, desturi niliyoiandika ni ya kweli, mstari wa kumtetea mwenye nyumba niliufuta kwa sababu ya nafasi. Ta Kato alithibitisha kwamba alimwonjea Pius kibuyu cha mwisho na yeye mwenyewe yu hai. Nilidhani nitazomewa. Badala yake niliona nyuso za wale watano zikilegea, moja baada ya nyingine, kama watu waliotuliwa mzigo kichwani.

"Si mnaona!" alisema mmoja wao, akipiga paja. "Kumbe tulipotezwa na msomi!"

"Kitabu ndicho kilichotuchanganya," alisema mwingine. "Mtu ukisoma kitu kimepigwa chapa, unaamini."

Walianza hata kucheka. Mmoja alinishukuru kwa ukweli wangu. Nilielewa nilichokifanya nikiwa bado nimesimama: nilikuwa nimekuja kubeba kosa langu, nao walikuwa wamenipandishia na makosa yao. Mwenyekiti alifurahi. Alisema ni vizuri tumeelewana, ni bahati mbaya iliyoletwa na maandishi, tupeane mikono na yaishe.

"Yaishe," alikubali Ma Kokugonza. Alikuwa amekaa kwenye benchi la mlangoni, mkono uliounga vibaya ukiwa mapajani. "Kama ni kitabu, basi ninyi hamna hatia, na mtu asiye na hatia haoni haya. Kila mmoja aseme tu kitabu kilimtuma anipige wapi, na kwa nini. Alinda, wewe unajua kuandika. Andika."

"Mama, haya yamekwisha," alisema mwenyekiti.

"Yatakwisha yakiwa yameandikwa. Mbona ya kwanza yaliandikwa?"

Nilitoa daftari na kalamu. Kisha yule aliyenishukuru, mdogo kuliko wote, alisema akitazama nyasi: "Mimi ni mguu wa kiti. Begani. Mara mbili." Niliandika. Wa pili alisema mgongo, kwa teke. Wa tatu alisema hakumbuki, na mama lishe akamkumbusha. Wa nne alisema mkono. "Upi?" niliuliza, kwa sababu ndivyo nilivyo, na alinyoosha kidole bila kuinua uso. Kaijage alisema, "Kibuyu, kichwani. Na kiatu, mdomoni. Baada ya Ma kuniita kwa jina la mama yangu."

"Na wewe?" Ma Kokugonza aliniuliza.

Niliandika jina langu chini ya yao. "Mlangoni," nilisema kwa sauti huku nikiandika. "Mgeni aliniambia nionje."

"Kwa nini hukuonja?"

Hili nilikuwa sijalitunga, wala njiani, wala kwa aya. "Nilidhani huenda ni kweli," nilisema. "Kwamba kina sumu."

Aliitika kwa kichwa, kama mtu aliyesomewa jina lake mahali alipolitarajia. "Andika hivyo." Niliandika. "Sasa bado mnadhani hivyo? Kila mmoja aseme, naye aandike." Wanne walisema hapana. Nami nilisema hapana. Tulimngoja Kaijage.

"Kama si wewe, Ma," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefunga siku tatu, "basi kaka yangu aliuawa na nani?"

Mwenyekiti alifungua mdomo, lakini Ma Kokugonza aliinua mkono ule uliopinda, akamnyamazisha nao. Alimtazama Kaijage muda mrefu, kama yeye alivyomtazama msibani.

"Alikuwa akija asubuhi kabla sijafagia," alisema. "Tumbo lilikuwa limevimba, nililiona. Nilimwambia aache, halafu nikampa kibuyu." Alinigeukia. "Usiufunge bado ukurasa huo, Alinda. Andika na mimi. Kokugonza. Alimuuzia."